Buibui wa levo ya kwanza: maoni yangu baada ya mwaka mzima na riwaya za kupanda levo ambazo shujaa wake sio mtu

Wadau habari zenu. Huku Tukuyu mvua haijakata tangu jana mchana, umeme umeenda, duka nimefunga mapema, kwahiyo leo nakaa niandike hiki kitu ambacho nimekuwa nakiahirisha muda mrefu. Ni kuhusu hizi riwaya za kupanda levo, zile ambazo shujaa anakuwa na namba kama za kwenye gemu, damu kiasi hiki, nguvu kiasi hiki, ujuzi huu umefika levo ngapi, na shujaa mwenyewe sio mtu. Ni buibui, au ni chungu, au ni kitu kama uji mzito unaotambaa. Nimezisoma mwaka mzima sasa, nyingine nimemaliza, nyingine nimeziacha njiani, na nina mengi ya kusema maana zingine nimezipenda kutoka moyoni na zingine zimeniudhi kweli kweli.

Aliyeniingiza huku ni mdogo wangu wa mwisho, anasoma chuo Mbeya mjini. Alikuja likizo mwezi wa sita, na mwezi wa sita wa huku kwetu mnaujua, sweta juu ya sweta, ukimaliza kula tu unakimbilia blanketi. Kila usiku simu iko usoni, anacheka, anashtuka, anapiga godoro ngumi. Nkamuuliza we unasoma nini? Akanijibu, "Dada, kuna buibui kazaliwa leo, ndugu zake wanataka kumla, anatafuta pa kujificha." Nkasema nipe na mimi nione. Nikaanza saa tatu usiku, nilivyokuja kushtuka majogoo yanawika.

Sasa kabla sijaenda mbali niseme mimi ni nani kwenye hii habari, maana inahusika. Mimi nauza pembejeo. Mbegu, mbolea, dawa za kuku, na zaidi ya yote dawa za wadudu. Toka asubuhi mtu anaingia anasema mahindi yangu yameingiliwa na viwavijeshi, mwingine kabichi zimetobolewa, mwingine parachichi zinadondoka kabla ya wakati, na mimi namuuliza mdudu mwenyewe yukoje, ana rangi gani, anakula usiku au mchana, alafu natoa chupa namwelekeza kipimo. Miaka yote hiyo nimewajua wadudu kwa madhara yao tu. Sijawahi hata siku moja kukaa nkawaza huyu mdudu yeye anaionaje dunia, anaogopa nini, anapolala anasikiliza nini. Hizi riwaya ndo zimenifanya niwaze hivo, na hiyo ndo sababu kubwa naziandikia leo.

Tuanze na buibui maana yeye ndo mwenye riwaya. Inaitwa So I'm a Spider, So What?, mwandishi ni Mjapani anayetumia jina la Okina Baba, alianza kuiweka mtandaoni mwaka 2015 kwenye ule mtandao wa Kijapani ambao mtu yeyote anaweza kuandika riwaya yake kidogo kidogo bure, watu wakaipenda, ikawa vitabu 16 vyenye michoro, ikawa katuni za vitabu, na mwaka 2021 ikatoka anime, yani katuni ya Kijapani ya kutazama, ya vipande 24. Mimi nimesoma vitabu kwa Kiingereza. Habari yenyewe ni kwamba darasa zima la wanafunzi wa sekondari wanakufa kwa mlipuko, wanazaliwa upya kwenye dunia nyingine, wengi wao wamepata familia za watu, wengine wana wa wafalme, ila msichana mmoja, ndo shujaa wetu, anafumbua macho yuko ndani ya pango, ana miguu 8, kazungukwa na mamia ya ndugu zake wa tumbo moja na wameshaanza kulana. Juu yao yuko mama, mkubwa kama nyumba ya ghorofa, naye anaokota watoto anakula. Huo ndo mwanzo. Hakuna mtu wa kumpokea, hakuna mzee wa kumpa upanga, hakuna lolote. Anakimbia tu.

Na hapa ndo namba zinaingia. Kwenye ile dunia kuna sauti inayosikika kichwani, inakwambia umepanda levo, inakwambia ujuzi fulani umeongezeka. Yeye anakuta ana poenti 100 za kununulia ujuzi, na kama mtu yeyote aliyecheza gemu anazitumia zote kununua ujuzi wa kukagua vitu, yani ukitazama kitu unaambiwa ni nini na kina nguvu kiasi gani. Anatazama ukuta kwa hamu kubwa. Ujuzi unamjibu: ukuta. Basi. Anajitazama mwenyewe: buibui, hana jina. Poenti zote zimeishia hapo. Nilicheka mpaka mdogo wangu akaja kuuliza umefika pale penye ukuta eeh? Lakini angalieni mwandishi alichokifanya baada ya hapo, kwa sababu ule ujuzi hautupwi, dada wa watu anaendelea kuutumia kila hatua, anakagua jiwe, anakagua ukuta tena, kichwa kinamuuma, anakagua tu, na levo ya ujuzi inapanda taratibu mpaka siku anakagua adui na anaona jina, siku nyingine anaona levo, siku nyingine anaona damu yake imebaki kiasi gani. Kila kitu anachokijua msomaji kuhusu hilo pango kimelipiwa. Hakuna aliyetuelezea. Tumekikagua pamoja naye, mpaka kichwa kikauma.

Nataka mnielewe vizuri hapa maana ndo hoja yangu yote kuhusu hizi riwaya. Namba peke yake haina ladha. Ukiniambia shujaa ana nguvu 500 mi nitajuaje kama ni nyingi? Namba inapata maana pale mwili unapoilipia, na mwili wa mtu tumeshauzoea, mtu akiongeza nguvu anainua jiwe kubwa zaidi, tumemaliza. Lakini mwili wa buibui hatuujui. Kila namba inayoongezeka unalazimika kujiuliza inaingia wapi, kwenye miguu? kwenye uzi? kwenye meno yenye sumu? Huyu buibui mbio zake ni za ajabu lakini ngozi yake ni laini kama karatasi, kwahiyo namba ya mbio inapanda na namba ya kinga iko chini kule kule, na msomaji anajua pigo moja tu likimpata ameisha. Kwa hiyo kila pambano linakuwa la akili, anatega uzi, anasubiri, anavuta, anauma, anakimbia. Kuna nyoka anaingia kwenye nyumba yake ya utando, mi nilisoma ile sura nimesimama.

Chakula nacho. Huyu anakula kila anachoua, na vyakula vya pangoni ni vibaya kupita maelezo, vichungu, vina sumu, na kwa sababu anakula sumu kila siku ustahimilivu wake wa sumu unapanda. Njaa ndo mwalimu wake. Sio kwamba alikaa akatafakari ajenge uwezo gani, alikuwa na njaa, chakula kilichopo kina sumu, akala. Alafu akija kufika sehemu ya pango yenye moto, kwenye mito ya mawe yaliyoyeyuka, akapata samaki fulani kama kambale mwenye nyama tamu, furaha yake pale ni ya kweli kabisa, unajikuta na wewe unamfurahia kama umemtembelea ndugu yako aliyekuwa na shida ukakuta leo kapika nyama.

Jambo lingine ambalo nimelipenda mno ni pale alipofika levo ya kugeuka mwili mara ya kwanza. Anapewa njia mbili, moja ya kukua kuelekea kuwa buibui mkubwa, nyingine ya kugeuka lakini abaki na umbo dogo. Mi nlijua atachagua ukubwa. Nani asiyetaka ukubwa? Akachagua udogo, kwa sababu anayeishi kwa kujificha na kukimbia mwili mkubwa ni mzigo. Pale nilifunga simu nikakaa.

Maana sisi huku tumekulia na hadithi za wanyama, si ndio? Bibi yangu mzaa mama alikuwa na hadithi za sungura zisizoisha, hadithi hadithi, hadithi njoo, na tukiwa tumezunguka moto tunajua kabisa sungura atamshinda fisi, atamshinda simba, atampanda tembo mgongoni. Kwahiyo mtu asituambie shujaa mnyama ni kitu kigeni kwetu. Lakini nilivyokaa na huyu buibui nikagundua tofauti moja ambayo sikuwahi kuiona: sungura anazaliwa mjanja. Siku ya kwanza ya hadithi ni mjanja, siku ya mwisho ni mjanja vile vile, hajifunzi, hana kovu, fisi naye ni mjinga toka mwanzo mpaka mwisho. Hadithi nzuri sana zile na nitawasimulia watoto mpaka nizeeke, ila buibui wa pangoni anafanya kitu ambacho sungura hakufanya. Anaanza hajui. Ujanja wake tumeuona ukizaliwa, tunajua ujanja huu aliupata kwa chura aliyemtemea sumu, huu aliupata siku watu walipochoma nyumba yake ya utando na akatoka mbio kwenye moto. Hiyo ndo raha ya kupanda levo, unaona ngazi zote.

Na imenibadilisha hata dukani. Nyuma ya rafu ya dawa za kuku kuna buibui amefanya makao, zamani ningempiga ufagio bila kuwaza. Sasa asubuhi nikifungua namwangalia kwanza. Utando wake wa jana wenye vumbi la mbolea anaula, ndio, anaula kabisa, anauviringisha mdomoni, alafu anaanza mpya. Anavuta nyuzi ndefu za kushikilia kwanza, anarudi katikati, anazunguka, anapima kwa mguu, anabandika, anapima, anabandika. Siku moja mteja alikuwa anasubiri chenji na mimi nimeganda pale, nkamwambia mama angu samahani, njoo uone. Akaja akaona. Tukakaa wote wawili kama dakika tano, na yule mama ana haraka ya gari la Kyela.

Sasa niseme mabaya yake maana yapo. Kwanza, katikati ya habari za buibui vitabu vinaruka vinaenda kwa wale wanafunzi wenzake waliozaliwa watu, shule za wafalme, mashujaa wa panga, na zile sura ni nzito kama ugali wa jana. Nilizichukia. Ila nawaomba msiziruke, mi niliziruka nikaja kurudi kwa aibu, kwa sababu kuna kitu kuhusu wakati, sitosema zaidi, kitu ambacho ukikigundua unarudi kusoma kitabu cha kwanza upya. Pili, kadri vitabu vinavyoenda namba zinakuwa kubwa mno, maelfu kwa maelfu, na pale zinaanza kupoteza ile ladha niliyosema, unaona tu orodha ndefu ya ujuzi inajaza kurasa na macho yanateleza. Mwandishi mwenyewe nadhani aliliona hilo maana vitabu vya mbele anaacha hizo orodha anaingia kwenye mambo makubwa ya ile dunia, kwa nini mfumo wa namba upo, nani aliuweka, nani anaumia kwa ajili yake. Hilo swali ndo limeninyanyua tena. Riwaya nyingi za aina hii namba zipo tu kama hewa. Hii inauliza zimetoka wapi, na jibu lake linauma. Tatu, anime yake picha za kutengenezwa na kompyuta za mapambano haziko sawa, buibui amependeza lakini mengine yanaonekana kama gemu la zamani. Soma vitabu. Nyota 4 na nusu kati ya 5, na ile nusu nimeikata kwa ajili ya wale wana wa wafalme.

Kuna mtu ataniuliza haya mambo ya namba kwenye hadithi yalianzia wapi. Kwa kifupi, mwaka 1974 kule Marekani Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, gemu ya kukaa mezani na karatasi, penseli na dado, na kila mchezaji mhusika wake alikuwa na namba 6: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na mvuto. Wajapani wakaja kuzitia hizo namba kwenye gemu za runinga, Dragon Quest ya 1986 ndo ilizisambaza kwa watu wengi, na watoto waliokulia na zile gemu walipokua wakaanza kuandika riwaya ambazo dunia nzima inaendeshwa hivo hivo. Ndo hizi.

Ya pili ninayotaka kuisema kwa kirefu ni ya chungu. Inaitwa Chrysalis, mwandishi anajiita RinoZ, inatoka sura kwa sura kwenye mtandao wa Royal Road. Kijana anaitwa Anthony, anakufa, anazaliwa chungu ndani ya mapango ya dunia inayoitwa Pangera, yuko peke yake gizani. Huyu anakula maadui na nyama yao inampa kitu cha kuboreshea viungo, na hapo ndo penyewe, kwa sababu unachagua kiungo: leo naongeza taya, kesho miguu, kesho kutwa zile antena zake za kichwani, na kila kiungo kina namba yake na ukifika hatua fulani unachagua kiwe cha aina gani. Mwili unajengwa kama nyumba, tofali kwa tofali. Nimependa mno hilo.

Lakini chungu sio buibui. Buibui anaishi peke yake. Chungu ana kundi, na huyu Anthony akishawapata wenzake na malkia wao, riwaya inageuka kabisa, haiongelei tena mimi nitakuwaje mkubwa, inaongelea sisi tutakuwaje wengi, tutachimba wapi, nani atalisha watoto, nani atalinda mlango. Namba ya shujaa mmoja inakuwa ndogo mbele ya namba ya kundi. Na mimi nilivyofika pale nikakumbuka siafu.

Nyumbani kwa mama usiku mmoja, mimi nadhani nilikuwa darasa la tano, kuku walianza kupiga kelele bandani sio kelele za kicheche, ni kelele za ajabu. Mama akatoka na taa ya chemli, mimi nyuma. Ardhi ilikuwa inatembea. Siafu wametoka migombani mstari mpana kama kanga, wameingia bandani, na pembeni ya mstari wamesimama wale wenye vichwa vikubwa, taya wamefungua juu, wamejipanga kama ukuta kulia na kushoto, na katikati yao wadogo wanapita wamebeba vitoto vyao vyeupe chini ya tumbo. Mama akachota majivu ya moto jikoni akamwaga kuzunguka banda, mimi nikatoa kuku mmoja mmoja huku miguu inawaka. Vifaranga hatukuwahi. Kwa miaka yote nimekumbuka ule usiku kwa vifaranga. Nilipokuwa nasoma Chrysalis nikaukumbuka kwa wale waliosimama pembeni taya wazi, ambao wala hawakuwa wanakula, wala hawakubeba kitu, walikuwa wamesimama tu ili wenzao wapite. Na siafu haoni, au anaona kidogo sana, kwahiyo wale walisimama gizani mbele ya moto wa mama bila kujua ni nini kinakuja, na hawakuondoka. Riwaya ikinipa hicho kitu, ikanirudisha kwenye banda la mama nikaona upande wa pili, mimi nitaisifia mpaka kesho.

Udhaifu wake ni urefu. Mapambano mengine yanaenda sura tatu nne hayajaisha, na utani wa Anthony kuna siku unachosha, ukiisoma mfululizo unachoka, mi naisoma sura mbili wakati wa chai basi. Nyota 4.

Ile ya uji unaotambaa, That Time I Got Reincarnated as a Slime ya mwandishi Fuse, wengi mnaijua kwa anime ya 2018. Mwanaume wa miaka 37 anachomwa kisu barabarani, anazaliwa kitu laini kisicho na macho ndani ya pango lenye joka lililofungwa. Mwanzo wake mtamu sana, gizani haoni, anakula nyasi na mawe bila kujua anakula nini. Lakini akishatoka pangoni anakuwa na nguvu haraka mno, na akishaweza kuvaa umbo la mtu basi yule uji umeisha, imebaki habari ya kujenga nchi, mikutano, mikataba ya biashara. Wanaopenda mambo ya utawala wataifurahia. Mimi nilitaka mwili wa ajabu ubaki. Nyota 3.

Baada ya hizo kuna msitu wa nyingine ambazo sitazitaja majina, maana nyingi zinafanana: joka, mbwa mwitu, mti, upanga, mpaka sanduku. Nimejifunza kuzipima kwa sura tatu za kwanza. Nikikuta shujaa ni joka lakini anawaza kama mtu aliyekaa sebuleni, hasikii baridi kwa ngozi ya joka, hanusi, hana shida na mabawa yake, naacha. Nikikuta orodha ya namba inarudiwa nzima kila baada ya pambano, naacha, maana kwenye simu yangu orodha moja inakula skrini tatu na bando linaenda kwa namba nilizokwisha kuziona jana. Na nikikuta adui wote wana levo ndogo kuliko shujaa, naacha hapo hapo, hiyo sio kupanda ngazi, ni kutembea sakafuni.

Kuna jambo moja liliniuma nalisema ili mjiandae. Riwaya moja ya nyuki nilikuwa nimefika mbali, nimezoea mzinga wake na malkia wake, siku moja nafungua nakuta sura zote za nyuma zimeondolewa, kwa sababu mwandishi ameenda kuiuza kama kitabu na duka la mtandaoni linataka iwe kwao tu. Namwelewa mwandishi, anatakiwa ale. Lakini kulipa kwa kadi mtu wa huku kwetu sio jambo jepesi, na mimi nyuki wangu nilimwachia katikati ya kiangazi mzinga umevamiwa. Mpaka leo sijui kama walipona. Kwahiyo ukiipenda riwaya inayotoka bure isome mapema, usiseme nitarudi.

Kuhusu lugha, zote hizi ni Kiingereza, lakini ni Kiingereza cha mazungumzo, mtu aliyemaliza kidato cha nne akikaza anaenda. Mimi nilianza na daftari, neno nisilolijua naandika, baada ya wiki mbili yale maneno yalikuwa yanarudi yenyewe maana mapango ni yale yale. Pakua sura nyingi ukiwa na intaneti nzuri, soma ukiwa nje ya mtandao, punguza mwanga wa simu, chaji inakaa.

Ninachokitaka sasa ni mtu wa huku aandike yetu. Nasema kwa moyo wote. Hapa juu ya mlima Rungwe yupo kipunji, nyani ambaye wanasayansi walikuja kumtambua juzi tu, mwaka 2003, wakamtangaza 2005, na 2006 wakampa jamii yake peke yake wakaiita Rungwecebus kwa jina la mlima wetu. Wazee walishamjua zamani. Ana manyoya marefu kwa ajili ya baridi, anaishi juu ya miti, ana mlio wake kama honi, msitu wake unazidi kupungua, na anashuka pembeni ya mashamba kula mahindi ambapo watu wanamsubiri. Mpe huyo namba. Levo ya kwanza, damu kidogo, ujuzi wa kuruka tawi levo 1, ujuzi wa kustahimili baridi levo 7 kwa kuzaliwa. Na badala ya pango tunayo Ngozi, ziwa la kreta limezama huko chini na kuta zake zimesimama wima pande zote. Adui wa levo kubwa ni mtu mwenye mbwa. Mi hiyo riwaya nitainunua siku ya kwanza, na ndaga fijo, yani asante sana ya Kinyakyusa, nitampa mwandishi mkononi.

Kwa sasa mimi mwenyewe nimeanza kidogo. Watoto wa kaka wanakaa kwangu, wa darasa la nne na mdogo wake wa chekechea, na umeme ukikatika kama leo wanaomba hadithi. Nikawasimulia buibui wa pangoni kwa Kiswahili, lakini namba zikanishinda, ukisema damu 12 imebaki 5 mtoto wa chekechea hazioni. Nikaleta bakuli la maharage. Maharage ya njano ndo damu, mekundu ndo poenti. Buibui akiumwa na nyoka natoa ya njano natia bakulini, akishinda wanaongeza mekundu wenyewe, na wanahesabu, wananisahihisha nikikosea. Jana usiku mekundu yakatimia 10. Nikawaambia haya, sasa anageuka mwili, ana njia mbili, akue awe mkubwa kama mama yake au abaki mdogo, nyie mnasemaje?

Wa darasa la nne akasema akue, akue haraka, amle yule nyoka. Mdogo wake akanyamaza muda mrefu, ameshika maharage yake mkononi, anaangalia pale kwenye pembe ya dari kwenye utando. Alafu akasema, "Shangazi, abaki mdogo. Akikua mlango wake hautamtosha."